Kupima CYP1A: ini la perege wa Hombolo na la samaki wa ncha ya kusini

Trematomus bernacchii wa McMurdo Sound, Antaktika, anaishi kwenye maji ya takriban nyuzi -1.9, lakini akikutana na hidrokaboni za mafuta ini lake huongeza CYP1A, kimeng'enya cha kuvunja sumu kinachopimwa kama ishara ya uchafuzi wa maji, sawa na ini la perege wa bwawa la Hombolo, Dodoma. Sumu inashika AhR, kipokezi kilicho ndani ya seli, jeni ya CYP1A inawaka, CYP1A inaiwekea sumu oksijeni, kisha vimeng'enya vingine, GST na UGT, vinaifungia kiungo kinachoyeyuka majini ili itoke kupitia nyongo.

Kwa joto la Dodoma kazi huharibika mapema, pale samaki anapopasuliwa. Toa kifuko cha nyongo kwanza, kwa mkasi mwembamba, ukikata kwenye mrija wake. Kikipasuka, chumvi za nyongo hubomoa utando wenye kimeng'enya, na P450 (kundi la vimeng'enya ambalo CYP1A imo) inageuka P420, umbo ambalo halifanyi kazi. Ukiona ukingo wa ini umeingia kijani-njano, kipande hicho tupa. Kinachobaki kiingie kwenye nitrojeni ya kimiminika palepale. Barafu ya kawaida kutoka bwawa la Mtera hadi mjini inapunguza uharibifu tu, haiuzuii.

Gramu 1 ya ini isagwe kwa mililita 4 za bafa ya fosfati baridi, pH 7.4, yenye KCl, EDTA, DTT na gliseroli asilimia 10. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 10,000 g (mara 10,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 20, nyuzi 4. Tabaka la mafuta la juu usiliguse; kwa Boreogadus saida wa Aktiki, mwenye ini la mafuta mengi, ni nene kwelikweli. Maji ya katikati yazungushwe kwa 100,000 g saa nzima, na mashapo yake ndiyo mikrosomu, vipande vya utando wenye kimeng'enya. Kama mashine ya kasi hiyo haipo, pima yale maji ya katikati; namba zitakuwa ndogo kwa kila miligramu ya protini, ila zinatumika, mradi usizichanganye na za mikrosomu.

Kipimo ni EROD, kinachoonyesha kasi ya CYP1A: weka ethoksiresorufini, ambayo CYP1A huigeuza kuwa resorufini inayong'aa, na NADPH, kemikali inayotoa elektroni, ya kuanzishia; mwanga uingie nanomita 535 na usomwe 585. Mstari wa mng'ao usipopanda, shuku NADPH iliyokaa. Ukipanda kisha ukapinda mapema, umeweka protini nyingi na ethoksiresorufini imekwisha.

Halafu joto, ambalo wengi hulipuuza. Perege mpime kwa nyuzi 25 hadi 30. Trematomus akipimwa kwa joto hilo, namba haisemi ini lake linafanya nini baharini. Visomaji vingi vya sahani hupasha tu, haviwezi kushuka chini ya joto la chumba, kwa hiyo tumia kifaa cha kyuveti (kichupa cha kupimia mwanga) kinachozungushiwa maji ya barafu. Umande ukitanda kwenye kioo, usomaji unayumba. Futa kila mara. Kila namba iandikwe pamoja na nyuzi zake.

Jike anayekaribia kutaga mweke kando: estrojeni hushusha CYP1A hata kwenye maji machafu.