Uamuzi Haupimwi kwa Bei ya Wiki Ijayo

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa huku Newala, kusini mwa Tanzania, viongozi wa vyama vya msingi, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, hukabiliwa na swali linalorudi mnada hadi mnada: bei iliyoletwa na wanunuzi ikubaliwe au ikataliwe? Wenye korosho ndio wenye kauli ya mwisho, lakini aliyewahi kuhudhuria anajua jinsi mkutano mzima unavyomtazama mwenyekiti kwanza, kabla mkono wa mtu yeyote haujanyooshwa. Wiki inayofuata bei ikipanda, waliokataa husifiwa kwa kuona mbali, na ikishuka, watu wale wale huambiwa kwamba wamewatia wenzao hasara.

Nimekaa kwenye bodi ya chama cha msingi kwa muda wa kutosha kuamini kwamba mazoea haya ya kuupima uamuzi kwa matokeo yake ndiyo yanayowazuia viongozi wengi kukua. Bei ya korosho ghafi hutegemea mambo mengi yasiyo mikononi mwetu, yakiwemo mahitaji ya viwanda vya India na Vietnam na mavuno ya nchi za Afrika Magharibi. Kiongozi anaweza kuamua vizuri akaangukia pabaya, na mwingine akaamua ovyo akapata bahati ya mtende.

Msimu wa 2018 ulitufundisha somo hilo, ingawa naona wengi walilichukua kinyume. Wakulima waligomea bei za mnada zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, na mwezi Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali ingenunua korosho yote kwa shilingi 3,300, huku jeshi likipewa kazi ya kuisomba. Tangu hapo, kila bei inapoonekana ndogo, hakosekani mtu wa kusimama na kusema, "Mwaka ule tulikataa tukapata." Ni kweli bei iliyotangazwa ilikuwa kubwa zaidi. Lakini siku mikono ilipokuwa ikinyooshwa, hakuna aliyejua kwamba serikali ingeingia sokoni, na wala hakuna aliyehesabu miezi ambayo baadhi ya wakulima wangesubiri uhakiki na malipo. Kuligeuza tukio lile kuwa kanuni ya kukataa ni kujifunza kutoka kwenye bahati.

Mfano wa upande wa pili hauko mbali nasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilipanga kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3 za Afrika Mashariki na Kati, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yaliyochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango ulianza mwaka 1947 na kufutwa mwanzoni mwa 1951, ukiwa umemeza takribani pauni milioni 36. Ukame ulichangia, lakini mimi siuhesabu kuwa kisingizio, kwa sababu hali ya mvua na udongo ingeweza kupimwa kwa mashamba ya majaribio kabla ya kuleta matrekta, na wakubwa waliokwisha kutangaza lengo hadharani walishindwa kulipunguza mapema. Huo ulikuwa uamuzi mbaya tangu siku ulipofanywa. Hata hivyo, mpango huo huo ndio uliotuachia bandari ya kina kirefu ya Mtwara, ambayo hadi leo inapitisha korosho zetu, ingawa reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa miaka ya sitini. Bandari ni faida kubwa, lakini haimtoi lawamani aliyeamua kulima bila kupima.

Kwa hiyo kwenye bodi yetu tulianza kuandika kabla ya mnada, katika daftari la kawaida lililopigwa mistari: bei ya chini tutakayoshauri ikubaliwe, sababu zake, jambo litakalotufanya tubadili msimamo, na jina la mjumbe asiyekubaliana nasi. Kipengele hicho cha mwisho kilileta ubishi kuliko vyote. Kwetu mzee akishazungumza, kijana hunyamaza kwa adabu, na adabu hiyo ni njema mahali pengine pote isipokuwa pale panapohitajika taarifa. Ikatubidi tukubaliane kwamba wadogo waanze na mwenyekiti amalizie. Kikao kimoja, binti anayesimamia mizani alieleza kwamba magunia yaliyokaa ghalani yalikuwa yakipungua uzito kwa kukauka, hivyo kusubiri wiki mbili zaidi kungekula sehemu ya nyongeza tuliyoitarajia. "Mwanangu, mbona hukusema mapema?" mzee mmoja alimuuliza. "Shikamoo babu," akajibu, "sikuwahi kuulizwa." Bei ya chini tuliyokuwa tumeiandika ilishushwa pale pale, kwa kalamu, na sababu ikawekwa pembeni.

Bado hatujaafikiana kama daftari hilo lisomwe mbele ya mkutano mkuu. Baadhi ya wajumbe wanahofu kwamba msimu ukiwa mbaya, majina yaliyoandikwa humo yatatafutiwa lawama mitaani, na hofu yao ina msingi. Msimamo wangu ni kwamba lisomwe lote, sababu kwa sababu, hata mwaka ambao tumeshauri kuuza na bei ikapanda siku saba baadaye, kwa kuwa mkulima ana haki ya kujua tulichokijua siku ile. Hoja hiyo nitaipeleka tena kwenye kikao cha bodi kabla maghala hayajafunguliwa.