Sikio la Mjomba

Nilikuwa nimeshachagua. Kamera ndogo inayong'aa, mpya ndani ya boksi, megapikseli 20, na zumu ya mara 30 inayochomoza kama shingo ya kobe. Sifa zake nilizisoma mpaka nikawa naziota. Ilikuwa 2013, na pesa nilizodunduliza mwaka mzima zilitosha kamera hiyo tu, bila chenji.

Mjomba, ambaye enzi zake alipiga picha za harusi kwa filamu, alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akavuta bahasha kuukuu, akachukua rula na penseli, akachora mstatili wa milimita 24 kwa 16 hivi. Pembeni yake akachora mwingine, 6 kwa 4 na nusu, mdogo kama ukucha wa mtoto.

"Huu mdogo ndio unaopokea mwanga kwenye hiyo kamera yako. Megapikseli zako 20 zote zimebanana humo. Huu mkubwa ni wa kamera ya kubadilisha lenzi, hata ile ya zamani. Haya, jua likizama, ipi itaona?"

Niliitazama ile bahasha. Vidogo zaidi ya 10 vingeingia ndani ya kikubwa. Sikumjibu, nikanuna kimyakimya, maana kamera ya kubadilisha lenzi ikiwa mpya sikuwa na ubavu nayo.

Siku tatu baadaye akanipeleka kwa kijana mmoja aliyekuwa anauza vifaa vyake vya zamani. Mezani palikuwa na Nikon D40, modeli ya mwaka 2006, raba yake imelainika pale vidole vinaposhika. Megapikseli 6. Sita! Hata simu za wakati ule zilikuwa zimefika 8. Nikamkonyeza Mjomba kwamba twende zetu, akajifanya haoni.

Alikuja na mkoba, na ndani yake mlikuwa na tochi, kadi ya kumbukumbu na laptopu yake nzito. Kwanza akaichomoa lenzi iliyokuja na kamera, ile ya zumu ya milimita 18-55, akaimulika tochi kwa nyuma na kuizungusha taratibu, jicho moja kalifumba. Akanipa niangalie. Ndani kabisa, katikati ya vioo, kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe kama utando wa buibui.

"Kuvu," akasema. "Hiyo hufuti kwa kitambaa."

Kijana hakubisha, alisema hata yeye alikuwa hajaiona. Mjomba akaazima lenzi nyingine pale mezani, akaniambia nibane tundu la kupitishia mwanga mpaka f/22, dogo kabisa, nipige karatasi nyeupe. Kwenye picha, kona ya juu, kukatokea madoa mawili ya kijivu. Vumbi juu ya kihisi, ule mstatili unaopokea mwanga, si ugonjwa; akalipuliza kwa kipulizio cha mpira, doa moja likaondoka. Lile la pili tuliliombea punguzo. Mwisho akahamishia picha moja kwenye laptopu, akafungua taarifa zilizojificha ndani ya faili, akanionyesha shata, pazia linalofunguka kila unapopiga, imefyatuka mara ngapi: 9,000 na ushei. Kwa umri wa kamera ile, hiyo haikuwa kazi kubwa.

Bei ikashuka, maana tulikuwa tunachukua bodi peke yake, kamera bila lenzi. Mjomba akapigiwa simu, akatoka nje.

Hapo ndipo nilipojitia ufundi. Lenzi iliyoazimwa ilikuwa ya 50mm, f/1.8, nyepesi, kioo chake safi kama maji. Nilishasoma mahali kwamba namba hiyo ya f ikiwa ndogo lenzi inakunywa mwanga mwingi. Nikamuuliza kijana kama ni nzima. Akasema ndiyo, kwake inafanya kazi bila shida, akanionyesha kwenye D90, Nikon yake nyingine: zzt, imefokasi. Tulikubaliana kabla Mjomba hajakata simu. Nikailipa, nikaifunga kwenye D40 yangu mwenyewe, nikaelekeza dirishani, nikabonyeza. Kwenye skrini yakatoka maandishi FEE, na kamera ikagoma; kumbe wakati wa kuifunga niliizungusha pete ya tundu, na D40 inaitaka ifungwe kwenye namba ya mwisho.

Nilihisi damu inanikauka. Mjomba akaingia, akanichukulia kamera, akazungusha pete hiyo ya tundu mpaka 22, akaifunga hapo kwa kitufe kidogo cha pembeni. FEE ikatoweka. Nikabonyeza tena. Picha ilitoka, lakini ukungu mtupu, na lenzi haikusogea hata kidogo.

"Umeuliza kama ina mota?"

Sikujua hata kwamba lenzi inaweza kuwa na mota ya kujifokasi. Kumbe ile haina. Inazungushwa na mota iliyo ndani ya bodi. D90 wanayo. D40 hawakuiweka. Kijana alisema kweli: kwake inafanya kazi. Swali la kuuliza kuhusu kamera yangu lilikuwa langu, nami nilikuwa nikiangalia kioo kinavyometa.

Nilitegemea Mjomba airudishe. Akacheka mpaka akakaa kitini. "Acha. Utafokasi kwa mkono kama tulivyofokasi sisi. Ukichungulia, chini kushoto kuna kitone cha kijani. Kikiwaka kikatulia, piga."

Kwa kweli, nikiipima leo, lilikuwa kosa lenye manufaa kuliko mambo mengi niliyoyapatia. Lakini jioni ile sikuliona hivyo. Nilirudi na kamera yenye megapikseli kidogo kuliko simu, lenzi isiyojiendesha na isiyo na zumu, na pesa iliyobaki ikaishia kwenye betri ya akiba.

Tulipofika Mjomba akakaa karibu na dirisha, mwanga umebaki kidogo, akaniambia nianze na yeye. Nikasimama kama mita moja, nikafungua tundu lote kwa gurudumu la kamera, nikazungusha pete ya kufokasi. Kitone kikawaka, kikazimika, kikawaka. Nikajizuia kupumua. Chaka!

Kwa umbali huo na tundu wazi hivyo, sehemu iliyo kali kwenye picha ina kina cha sentimita 3 tu, kitu ambacho nilikuja kukijua baadaye. Kwenye skrini, macho ya Mjomba yalikuwa yamelainika, pua imeyeyuka kabisa. Ila sikio la kushoto! Vinyweleo vyake, mkunjo wa nyama, alama ndogo ya kovu, vyote unaweza kuvihesabu, na nyuma yake giza laini ambalo kamera yoyote niliyowahi kushika haikuwahi kunipa.

Mjomba akavaa miwani, akaikuza picha kwa kitufe, akaikagua muda mrefu.

"Sikio langu," akasema, "halijawahi kupigwa picha nzuri namna hii."

Akadai nakala ya A4. Megapikseli 6 zilitosha.