Jinsi nilivyorefusha miche bila kupunguza mwanga

Nilipopewa jaribio la kivuli maabara, kila mtu alitarajia nifunike miche kwa kitambaa. Sikufunika kitu. Niliongeza taa.

Kivuli cha majani si upungufu wa mwanga tu. Majani hufyonza sana mwanga mwekundu, wa nanomita 660 hivi, lakini huupitisha na kuuakisi ule mwekundu wa mbali, wa karibu nanomita 730. Mahali peupe uwiano wa hizo mbili huwa kama 1.2, na chini ya majani mazito hushuka hata hadi 0.1. Mche husoma uwiano huo. Kwa hiyo niliacha taa nyeupe zikiwaka kama kawaida, kisha upande mmoja nikawasha na taa za mwekundu wa mbali. Kipimo cha kawaida cha mwanga hakikuonyesha tofauti ya maana, kwani nacho, kama macho yetu, karibu hakiuoni mwanga huo. Ilibidi niazime kifaa kinachopima kila rangi peke yake.

Mmea ulikuwa Arabidopsis thaliana, mmea mdogo unaotumika sana maabara. Mbegu zake ni kama vumbi, na nilizipanga juu ya agari, jeli ya kuoteshea, mojamoja kwa kijiti kilicholowa. Shingo yangu inajua. Niliziachanisha vizuri, maana miche iliyosongamana hupeana ishara ya kivuli yenyewe kwa yenyewe.

Siku za kupima zilipofika, miche ya kawaida iliyoongezewa mwekundu wa mbali ilikuwa imechomoka, mashina membamba na vijani vya kwanza vidogo. Isiyo na jeni ya fitokromu B, protini inayohisi mwanga huo, ilikuwa mirefu pande zote mbili, hata palipokuwa na mwanga mweupe mtupu. Hilo lilitegemewa: fitokromu B ikiwa hai huzuia protini ziitwazo PIF, ambazo huchochea kurefuka, na mwekundu wa mbali ndio unaoizima.

Walionivutia zaidi ni miche ya aina ya sav3, wenye kasoro katika jeni ya TAA1. Hao walibaki wafupi. Ishara ya kivuli wanaipata, PIF7, mojawapo ya zile PIF, inafunguliwa, jeni za YUCCA zinawashwa, lakini hatua ya TAA1 inayotangulia kazi ya YUCCA katika kutengeneza auksini, homoni ya ukuaji, ni dhaifu. Auksini hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwenye vijani vya kwanza, ikateremka shinani na kuzitanua seli zilizopo. Kurefuka huku hakuhitaji seli mpya nyingi.

Sasa nimepanda wasio na HFR1, protini iliyo breki ya kurefuka, nayo huwashwa na kivuli chenyewe. Hao wanatakiwa wapitilize kwa urefu.