Saini za mashujaa wa vita: tazama kalenda kabla ya cheti

John Basilone alitunukiwa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Marekani, kwa mapigano ya kisiwa cha Guadalcanal ya Oktoba 1942. Mwaka uliofuata alirudishwa Marekani, akazungushwa mji hadi mji kuhamasisha watu wanunue hati za dhamana za vita, kisha mwenyewe akaomba arejeshwe kwa wenzake. Aliuawa kisiwani Iwo Jima tarehe 19 Februari 1945. Bolipeni zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945. Kwa hiyo picha ya Basilone yenye saini ya bolipeni ni ya kughushi, hata ikiletwa na vyeti vitatu vya uhalisi na stika inayometameta.

Wanaoanza kukusanya saini za wanajeshi waliotunukiwa nishani kuu huuliza kwanza, “Ina cheti?” Swali hilo lisubiri. Cheti ni maoni ya aliyekiandika, na uzito wake hauzidi ujuzi wake. Kabla ya kufungua pochi, andika tarehe nne: siku ya tukio, siku ya kutunukiwa, siku ya kufariki, na tarehe ya mapema kabisa ambayo kile kitu, yaani karatasi, picha, stempu na wino, kingeweza kuwapo. Zikigongana, biashara imekwisha.

Siku ya tukio na siku ya kutunukiwa hupishana kuliko watu wanavyodhani. Eddie Rickenbacker, rubani aliyeangusha ndege nyingi kuliko Wamarekani wenzake katika Vita Kuu ya Kwanza, alipigana pambano lililompatia Medal of Honor Septemba 1918, lakini nishani yenyewe aliipata mwaka 1930. Ukiuziwa kadi inayodaiwa aliisaini 1919, na chini ya jina pameandikwa kwa wino uleule kwamba ana Medal of Honor, mtengenezaji wake hakusoma historia vizuri.

Umri wa kalamu una mitego yake. Makapeni za Sharpie ziliingia sokoni 1964. Alvin York, shujaa wa Vita Kuu ya Kwanza, alifariki Septemba mwaka huohuo, akiwa mgonjwa kwa miaka mingi, hivyo saini yake ya Sharpie usiiguse. Audie Murphy, shujaa wa Vita Kuu ya Pili, alikufa katika ajali ya ndege Mei 1971, kwa hiyo kwake makapeni inawezekana, na hapo lazima utafute ushahidi mwingine. Kipimo cha bolipeni nacho hakikati sawasawa kwa Waingereza: marubani wa jeshi lao la anga walipatiwa kalamu hizo vita vikiendelea, kwa sababu kalamu za wino wa maji zilivuja ndege ikipanda juu. Guy Gibson, mwenye Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, aliyeongoza shambulio la mabwawa ya Ujerumani Mei 1943 na kufa Septemba 1944, hawezi kukataliwa kwa bolipeni peke yake. Lakini iwe sababu ya kuchunguza mara mbili.

Bahasha zina saa yake. Anwani za Marekani zilianza kuwa na namba ya posta ya tarakimu tano Julai 1963. Barua ya 1957 yenye namba hiyo haikuandikwa 1957. Bahasha za siku ya kwanza ya stempu nazo hupendwa kwa sababu muhuri wa posta unakupa tarehe ya mwanzo bila ubishi. Stempu ya senti 20 yenye picha ya Medal of Honor ilitoka 1983, na nyingine za Vita Kuu ya Pili zilitoka Novemba 2013. Zote zilisainiwa na wenye nishani wengi. Kumbuka tu kwamba muhuri unaonyesha bahasha ilipozaliwa, hauonyeshi saini iliwekwa lini. Aliyefariki kabla ya 1983 hawezi kuwa juu ya bahasha ya 1983. Aliyefariki baadaye anaweza kuwa ameisaini miaka ishirini baada ya muhuri, na hilo si kosa.

Vivyo hivyo kwa picha. Usichanganye umri wa sura na umri wa karatasi. Mzee aliyesaini mwaka 1988 nakala mpya ya picha aliyopigwa 1944 ni jambo la kawaida kabisa, tena ndiyo hali ya saini nyingi zilizopo. Tatizo ni pale karatasi inapokuwa changa kuliko kaburi. Igeuze picha: karatasi zenye tabaka la plastiki, laini na zisizojikunja, zilienea kwa picha nyeusi na nyeupe kuanzia miaka ya 1970. Kisha iweke chini ya kioo cha kukuzia cha mara 10. Picha iliyosafishwa kwa dawa ina rangi zinazofifia bila mpaka, ya printa ina vitone vya wino vilivyotawanyika, na iliyochapwa kiwandani ina vitone vilivyopangwa kwa mistari.

Taa ya urujuanimno ya nanomita 365 ni bei nafuu na hulipa gharama yake haraka. Zima taa za chumba, imulike karatasi. Viwanda vilianza kutia dawa za kung'arisha kwa wingi miaka ya 1950, kwa hiyo barua ya 1918 inayowaka buluu-nyeupe kama shati jipya ina kesi ya kujibu. Isipowaka, usishangilie bado. Waghushi huchana kurasa tupu za mwanzo wa vitabu vikuukuu, na karatasi hiyo itafaulu mtihani wa taa. Kinachowaumbua ni wino: gundi ya asili iliyokuwa ikizuia wino usisambae imeshachoka, hivyo wino mpya hutambaa pembeni kufuata nyuzi. Angalia pia mikunjo. Mstari wa wino ukiingia ndani ya mkunjo na kuchuruzika humo, saini iliwekwa baada ya karatasi kukunjwa. Barua halisi husainiwa kwanza, ndipo ikakunjwa.

Sasa saini yenyewe. Inamishe karatasi, mwanga uje kutoka pembeni. Bolipeni huacha mfereji. Saini iliyochapwa haina mfereji, haikatizi mng'ao wa picha, na mara nyingi wino wake ni uleule wa picha. Muhuri wa mpira hukusanya wino kingoni mwa mistari na kuacha katikati pakiwa hafifu. Mashine ya kusaini hukandamiza kwa nguvu moja toka mwanzo hadi mwisho, na huacha nukta pale kalamu ilipotua na ilipoinuka. Dawa yake ni kutafuta saini nyingine ya mtu huyohuyo, uilinganishe juu kwa juu kwenye skrini. Zikilingana nywele kwa nywele, zimetoka kwenye mashine moja, kwa maana hakuna mkono wa binadamu unaorudia saini sawasawa. Saini za makatibu ndizo ngumu zaidi, hasa kwa wanajeshi waliogeuka kuwa waigizaji, wanasiasa au wakuu wa kampuni, ambao barua zao zilijibiwa ofisini. Hizo ni za zamani kweli, wino kweli, karatasi kweli, mkono tu si wake.

Mtetemo wa mkono huwachanganya wengi. Mzee wa miaka tisini hutetemeka, lakini bado anaandika jina lake kwa mwendo wa mazoea: mistari inayumba, ila haisiti, na herufi za mwisho hukimbia. Mghushi anachora. Mstari wake una uzito mmoja, unasimama katikati ya herufi, kalamu inainuliwa mahali ambapo hakuna sababu, kisha panaongezwa kiraka. Ukishaona mifano kumi ya kila upande hutachanganya tena. Vielelezo bora vya kulinganishia ni hundi zilizolipwa, hati za kisheria na barua za kifamilia, kwa kuwa hakuna aliyeandika hundi ya umeme akitarajia itakusanywa. Linganisha na saini za kipindi kilekile. Saini ya mtu akiwa na miaka 25 haisemi mengi kuhusu ile ya miaka 85.

Kuna udanganyifu mwingine ambao hauko kwenye wino hata kidogo: saini halisi ya shujaa wa uongo. Xavier Alvarez alijitangaza hadharani kuwa na Medal of Honor ilhali hakuwahi hata kuwa mwanajeshi. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 2012 ilibatilisha sheria ya 2005 iliyokataza uongo huo. Bunge likatunga nyingine 2013 inayowabana wanaodanganya ili wajipatie faida. Kwa hiyo kila jina lipitishe kwenye orodha rasmi. Kwa Wamarekani iko ya Congressional Medal of Honor Society, na kwa Victoria Cross matangazo yalichapishwa London Gazette, gazeti rasmi la serikali. Soma maelezo ya tukio, kikosi na cheo, maana majina hufanana.

Na tofautisha saini na nishani. Marekani ni kosa la jinai kuuza Medal of Honor yenyewe, wakati Uingereza Victoria Cross huuzwa mnadani kihalali kabisa. Muuzaji wa Marekani anayekupa picha iliyosainiwa “pamoja na nishani yake” anakuingiza kwenye matatizo.

Kuhusu kuomba saini kwa barua: muda umekula nafasi nyingi. Hershel “Woody” Williams, aliyekuwa wa mwisho hai kati ya wenye Medal of Honor wa Vita Kuu ya Pili, alifariki Juni 2022. John Cruickshank, wa mwisho wa Victoria Cross wa vita hivyo, alifuata 2025. Wanaopokea barua leo ni hasa wa Vietnam, Iraki na Afghanistani. Hakikisha kwanza mtu yu hai. Barua ya mashabiki inayofika nyumbani kwenye msiba ni jambo la aibu, na hutokea.

Andika kwa mkono, ukurasa mmoja, utaje jambo moja mahususi kuhusu utumishi wake. Usimuulize aliua wangapi, wala alijisikiaje rafiki yake alipokufa. Omba vitu viwili, visizidi: picha moja ya sentimita 20 kwa 25, na kadi moja nyeupe nene. Weka ndani bahasha ya kurudishia yenye anwani yako na stempu za nchi anakoishi yeye. Stempu za kwako hazitambuliwi kule, na hili ndilo kosa linaloua maombi mengi kutoka nje. Kata vipande viwili vya kadibodi ngumu, kila kimoja kidogo kuliko bahasha kwa milimita 5, picha ilale katikati. Baadhi hutoza ada au huomba mchango kwa shirika la hisani. Lipa au acha, usibishane.

Chagua picha yenye sehemu nyepesi, kama anga au ukuta, kwa sababu saini ya buluu juu ya sare nyeusi huzama isionekane. Picha mpya yenye mng'ao hukataa wino, mstari ukakatika au kutoa vipovu, hivyo ifute taratibu kwa kitambaa kikavu laini. Makapeni inafaa kwenye picha tu. Kwenye kadi au bahasha hunyonywa, na baada ya miaka utaona duara la rangi kuizunguka kila herufi. Huko tumia kalamu nyembamba ya wino wa chembe za rangi, takriban milimita 0.5. Ukisainiwa ana kwa ana, subiri dakika kumi kabla ya kupanga picha juu ya nyingine, la sivyo ya chini itajisaini mgongoni mwa ya juu.

Michoro ya ndege iliyosainiwa na marubani kadhaa husainiwa kwa penseli, na penseli haipauki. Iinamishe chini ya taa: grafiti humeta, wino wa kiwandani haumeti. Hapa kalenda inarudi kwa nguvu, kwani kila jina lina tarehe yake ya kifo na moja tu likikosea linaangusha mchoro wote. Soma pia nishani. Katika shambulio la Doolittle, la kulipua Japani kwa mabomu, la 18 Aprili 1942 walikuwa wanaume 80 ndani ya ndege 16, na wote walipata Distinguished Flying Cross, nishani ya wanaanga, lakini Medal of Honor ilikwenda kwa James Doolittle peke yake. Doolittle aliishi hadi 1993 akisaini bila uchoyo, kwa hiyo saini yake haina haja ya kuwa ghali. Anayekuuzia kwa bei kana kwamba ni ya Basilone anakupunja.

Nyumbani, adui wa kwanza ni mwanga. Makapeni ya buluu iliyotundikwa mkabala na dirisha hupauka ndani ya miaka michache. Tundika nakala, halisi ibaki kwenye boksi. Ukilazimika kutundika, tumia kioo kinachozuia urujuanimno na kadibodi isiyo na asidi inayoiweka picha mbali na kioo, kwa kuwa unyevu huigandisha picha hapo na haibanduki. Mifuko iwe ya poliesta au polipropilini. Ile laini yenye harufu ya plastiki ni PVC, hutoa kemikali na kunyonya wino. Usipige laminesheni kamwe. Albamu zenye kurasa za gundi ni kaburi. Weka nyuzi joto 18 hadi 21 na unyevu kati ya asilimia 35 na 50, tena usioyumbayumba.

Bahasha iliyoleta saini usiitupe: muhuri wake na mwandiko wa anwani ni ushahidi ambao hakuna cheti kinachoufikia. Iweke kwenye mfuko wake, pamoja na nakala ya barua uliyotuma na karatasi yenye zile tarehe nne, zimeandikwa kwa penseli, na si nyuma ya picha, maana mkandamizo hutokeza mbele.