Kutoka kufunga mizigo hadi kuendesha mashine: uzoefu wangu wa kiwandani

Wadogo zangu wanaomaliza kidato cha nne huniuliza kama kazi ya kuendesha mashine kiwandani ina mbele yoyote, au ni ya kusogezea siku tu wakati tukisubiri roboti zije zituondoe. Jibu langu ni kwamba ina mbele, ila si kwa kila anayesimama kwenye mashine. Ngoja nieleze nilivyopita mimi, maana nimeshafungiwa mashine moja na sheria na nikalazimika kuanza upya kwenye nyingine.

Niliingia kwa mlango wa vibarua, kama wengi walioanzia viwanda vya Vingunguti na Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Unafika getini alfajiri, msimamizi anatoka, anachagua watu. Wanaume wanapelekwa kwenye mashine na kubeba malighafi, wanawake tunapelekwa mwisho wa laini kuhesabu na kufunga. Kiwanda kile kilitengeneza mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo. Nilifunga mizigo muda mrefu, mgongo ukiniuma, na kila siku macho yangu yalikuwa kwenye mashine ya kupuliza.

Asiyewahi kuiona, nimweleze. Punje za plastiki zinamiminwa kwenye hopa, chombo cha juu cha kulishia mashine, zinashuka kwenye bareli, bomba nene la chuma lenye hita, na ndani yake skrubu kubwa inazungusha na kusukuma mpaka punje ziyeyuke. Plastiki inatokea kwenye tundu la mviringo, inajazwa upepo, inapanda juu kama puto refu linalokaribia dari. Huko juu rola zinalibana, linakuwa shuka, linashuka na kujikunja kwenye roli. Puto likiyumba, mfuko unakuwa mnene upande mmoja na mwepesi upande wa pili. Likipasuka, kazi inasimama na ninyi wa kufunga mnakaa mikono mitupu huku fomeni akigomba.

Opereta wa mashine ile alikuwa mzee mmoja mtulivu. Muda wa chakula nilikuwa namfuata.

"Shikamoo mzee. Hizi namba zinaonyesha nini?"

"Marahaba binti. Hilo ni joto la bareli, kanda kwa kanda, yaani sehemu moja moja. Usiziguse. Angalia zinafanya nini puto likianza kuyumba, halafu uje uniambie."

Hilo ndilo lilikuwa darasa langu la kwanza. Nikaanza kuona kwamba plastiki ikitoka ni angavu, na ikifika kimo fulani inapata ukungu kidogo kwa sababu hapo ndipo inapoganda. Mstari ule wa ukungu ukipanda juu kuliko kawaida, ujue upepo wa kupoza hautoshi au mashine inakimbizwa. Mzee hakuhitaji kipimo kujua. Alishika shuka kwa vidole viwili tu, akakwambia unene umebadilika. Baada ya muda na mimi vidole vyangu vikajua.

Nafasi ya usaidizi wa opereta ilipatikana zamu ya usiku, ambayo wengi waliikimbia. Kwa mwanamke, ugumu wa usiku uko njiani zaidi kuliko kwenye mashine. Tulikuwa wanawake kadhaa tunaokaa njia moja ya Gongo la Mboto, tukakubaliana na dereva mmoja wa bajaji, tukawa tunachangia nauli na anatuchukua kwa pamoja. Bila mpango ule nisingeweza. Nawaambia pia wanaoingia usiku: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ziongezwe angalau asilimia 5 ya malipo, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Na mjamzito halazimishwi kufanya kazi usiku ikibaki miezi miwili ajifungue. Watu wengi hawayadai haya kwa sababu hawajui kuwa yapo.

Kutoka usaidizi nikawa opereta mwenye mkataba. Halafu ikaja 2019.

Tarehe 9 Aprili mwaka ule Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ni 31 Mei. Ilipofika Juni mosi, bidhaa tuliyokuwa tunaitengeneza ilikuwa haramu. Dalili zilikuwepo siku nyingi. Zanzibar walipiga marufuku tangu 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017. Mimi naona katazo lilikuwa sahihi. Aliyeishi Dar es Salaam anakumbuka mitaro ilivyokuwa ikiziba kwa rambo na maji yanavyoingia ndani mvua ikinyesha. Lakini watu wenye watoto walirudi nyumbani. Wenye mikataba tulipata kiinua mgongo, ambacho kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Vibarua, ambao ndio walikuwa wengi, walipewa malipo ya wiki ile wakaondoka. Hilo bado linaniuma.

Wenzangu wengi walisema ujuzi wetu umekufa. Mimi nikakaa nikajiuliza: ninajua nini hasa? Ninajua kuendesha mashine ya rambo, au ninajua plastiki ikipata joto inafanya nini? Nikaandika kwenye karatasi kila ninachokijua: kanda za joto, skrubu, shinikizo, hita iliyoungua inavyojionyesha, malighafi iliyochanganywa vibaya inavyotoka. Nikagundua kwamba zaidi ya nusu ya mambo yale hayahusu mfuko hata kidogo. Bareli ni bareli.

Nikaenda na karatasi ile kwenye viwanda vya chupa na ndoo. Sikuomba nafasi ya opereta. Niliomba kusaidia, kwa malipo madogo kuliko niliyozoea, kwa sharti kwamba nitakuwa upande wa mashine na si wa kufunga. Sehemu mbili walinikatalia, mmoja akisema wazi hawaweki dada kwenye mashine nzito. Kiwanda cha tatu, meneja wa uzalishaji alinipeleka mbele ya paneli, ubao wa kudhibitia mashine, akaniuliza joto la kanda moja likishuka peke yake nitashuku nini. Nikamwambia hita au waya wa kipimajoto, na nitaanza na kipimajoto kwa sababu huenda hita ni nzima ila kipimo kinadanganya. Nikaanza Jumatatu yake.

Hapo nilikutana na PET, plastiki ya chupa za maji na soda. Mashine inapiga, yaani inatengeneza, kwanza vitu vidogo vinene mfano wa bomba la maabara, vyenye shingo ya skrubu tayari, tunaviita prifomu. Mashine nyingine huvipasha moto na kuvipuliza kuwa chupa. PET ina tabia ambayo plastiki ya mifuko haina: inanyonya unyevu wa hewa, na Dar es Salaam hewa yenyewe ni maji. Ikiingia kwenye bareli na unyevu, kwenye joto la nyuzi kama 280 maji yale yanakata minyororo ya molekuli inayoipa plastiki nguvu. Prifomu inaweza kutoka inapendeza kabisa, lakini chupa ikidondoka inapasuka. Kwa hiyo lazima punje zikaushwe kwanza kwa nyuzi 160 hadi 170, kwa muda wa saa nne mpaka sita, mpaka unyevu uwe chini ya asilimia 0.005.

Sasa fikiria mgao wa umeme wa mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024. Umeme unakatika, kikaushio kinapoa, plastiki iliyobaki ndani ya bareli inakaa kwenye moto bila kusogea, inaanza kuoza na kugeuka njano. Umeme ukirudi, kila mtu anataka mashine iwashwe dakika ileile kwa sababu oda inasubiri. Mimi nilikuwa nafanya hivi: natoa kwanza plastiki yote ya ndani ya bareli sakafuni, mpaka inayotoka iwe angavu isiyo na njano wala vipovu. Kisha naangalia kikaushio. Kama kimepoa sana, siruhusu punje zishuke mpaka zikauke tena, hata kama msimamizi amesimama nyuma yangu ameshika saa.

Mwanzoni tuligombana sana. Kilichonisaidia ni daftari. Kila mashine iliposimama niliandika muda, sababu, nilichobadilisha, na matokeo, na nilijiwekea sheria ya kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukigusa joto, shinikizo na muda wa kupoza kwa pamoja, tatizo linaweza kuondoka lakini hutajua lilikuwa nini, na kesho litarudi. Mteja mmoja aliporudisha chupa zinazopasuka, meneja akalinganisha tarehe za mzigo na daftari langu. Mzigo wote uliorudi ulipigwa kwenye zamu zilizowasha mashine haraka baada ya umeme kurudi. Tangu siku hiyo kusubiri ukaushaji kukawa utaratibu wa kiwanda, umebandikwa ukutani. Mitambo ya kufua umeme ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa Februari 2024 mgao ulipungua, lakini karatasi ile bado ipo, maana umeme kukatika hakujaisha.

Wakati huohuo nilisoma kozi fupi za VETA Chang'ombe, chuo cha mafunzo ya ufundi stadi: umeme wa viwandani na mifumo ya upepo wa mgandamizo unaoendesha mashine, jioni nikitoka zamu ya asubuhi. Sikusoma ili niwe fundi umeme. Nilitaka fundi akija nimweleze kitu cha maana zaidi ya "imegoma". Kwa wale ambao tayari wana ujuzi na hawana cheti, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mtahini anakupima ukiwa kazini, unafundishwa palipopungua, unapata cheti. Haupo kwa kila fani, uliza kwanza kama yako imo.

Kuhusu roboti, nazungumza nilichokiona. Kwetu umeletwa mkono wa mashine unaotoa prifomu kwenye moldi, yaani kalibu, na kuzipanga, na kamera inayokataa zenye doa. Walioondoka ni wale waliokuwa wakitoa, kupanga na kukagua kwa macho, na wengi wao ni wanawake, kazi ileile niliyoanza nayo mimi. Siwezi kulipamba hilo. Lakini kamera inakwambia prifomu ina ukungu kwenye kitako. Haikwambii kama ni maji ya kupoza hayatoshi au plastiki haikuyeyuka vizuri. Na sasa viwanda vinachanganya malighafi iliyorejelezwa, zile chupa zinazookotwa mitaani na kusagwa. Gunia hili halifanani na lile. Moja lina unyevu zaidi, jingine lina rangi, jingine lina vipande vya vifuniko ambavyo ni plastiki nyingine kabisa. Mpangilio wa jana haukubali leo. Kazi hiyo inazidi kuhitaji opereta anayeijua malighafi.

Kinachotuzuia kwa sasa ni nywila. Viwanda vingi kurasa za mipangilio kwenye paneli zimefungwa, anayezifungua ni fundi mmoja au mtaalamu anayeitwa kutoka nje, na opereta anabaki wa kuwasha na kuzima. Kwa mpango huo mtu anakaa miaka kwenye mashine bila kujifunza, na siku mashine ikibadilishwa hana pa kushika. Nimeomba kwa meneja kwamba opereta atakayepita jaribio la makosa ya kawaida afunguliwe kurasa za joto na muda wa kupoza, kila badiliko liandikwe na jina lake. Amekubali tuanze na zamu ya usiku. Wa kwanza wawili wanafanya jaribio mwezi ujao, na mmoja wao ni binti aliyetoka kufunga mizigo.