Nilivyopanga mavazi yangu ya kupandia farasi wakati wa joto kali

Kofia ngumu, suruali ndefu na kiatu chenye kisigino haviachwi nyumbani, hata jua liwake namna gani. Ndiyo maana sikutafuta cha kuvua, nilitafuta kitambaa.

Fulana ya pamba hunywa jasho ikalishika, ikagandamana na mgongo. Mwili hupoa jasho linapokauka, si linapotoka. Nikahamia kwenye shati jepesi la poliesta la rangi isiyokolea, lenye wavu kwapani na mikono mirefu. Mikono mirefu huwashangaza wengi, lakini kitambaa chenye alama ya UPF 50, yaani kipimo cha nguo kukinga miale ya jua, hupitisha sehemu 1 tu kati ya 50 za miale ya urujuanimno. Shingoni nafunga kitambaa kilicholoanishwa, na hicho hunisaidia sana, isipokuwa siku ambazo hewa imejaa unyevu.

Suruali ndiyo iliyonisumbua zaidi. Zile zenye silikoni kuanzia makalioni hadi magotini hushika tandiko vizuri, ila silikoni haipitishi hewa. Sasa navaa yenye viraka vya magotini tu, ya kitambaa chembamba kinachovutika, na ndani yake nguo isiyo na mishono, kwa sababu mshono ukikutana na jasho juu ya tandiko huchubua mapaja vibaya mno. Kaptura siitaki kabisa: ukanda wa rikabu, yaani kikanyagio cha mguu kinachoning'inia kwenye tandiko, hufinya ngozi tupu.

Buti ndefu za ngozi nimeziacha kwa siku za baridi. Navaa buti fupi na vifunika miundi vyepesi. Kisigino cha kama sentimita 2.5 lazima kiwepo, maana ndicho kinachozuia mguu usipenye kwenye rikabu ukanasa. Glavu pia sivui, kwani hatamu zikilowa jasho huteleza. Nilichagua zenye wavu upande wa juu.

Kwenye kofia sina mjadala. Hata FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, huweza kuruhusu washindani wavue koti joto likizidi, lakini kofia ya kinga hubaki kichwani. Yangu ina matundu mengi ya hewa, na bitana yake hutoka ikafuliwa. Siiachi ndani ya gari lililoegeshwa juani, maana joto la humo linaweza kuharibu povu linalopokea kishindo mtu anapoanguka.