Nilivyoandika Upya Wasifu wa Mama

Wasifu niliousoma siku tuliyomzika mama haukufika maneno mia tatu. Niliuandika usiku mmoja, macho yamevimba, huku watu wakiingia na kutoka. Alizaliwa 1948, akasoma, akaolewa, akaugua, akafariki 2022 akiwa na miaka 74. Ameacha watoto watano na wajukuu 11. Alikuwa mpole, mcheshi, mchapakazi. Nilipomaliza kusoma watu waliitikia kwa heshima, nami nikarudi kuketi nikijua kwamba hapo ningeweza kubadilisha jina na tarehe, nikamzika nao mama wa mtu mwingine yeyote.

Jioni ile mtoto wa kaka yangu, wakati huo ana miaka tisa, alinifuata. "Shangazi, mbona hukusema kwamba bibi alikuwa anatuhesabu?"

Nikamwuliza anatuhesabuje. Akanieleza kwamba wakilala kwa bibi, taa ikishazimwa, bibi huja gizani na kumgusa kila mmoja kichwani: moja, mbili, tatu. "Ila alikuwa anakosea. Tuko wanne, yeye anafika tano."

Nilikuwa nimesahau. Nasi tulihesabiwa vivyo hivyo, kila usiku, kwa kiganja kilekile, na mimi mwanawe nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote nisilitaje hilo. Ndipo nikaamua kuandika upya. Ilinichukua mwaka mmoja na miezi minne.

Nilianza vibaya. Niliwapigia ndugu zangu na kuwauliza, "Mama alikuwa mtu wa namna gani?" Wote wakanirudishia maneno yaleyale ya wasifu: mpole, mcheshi, mchapakazi. Sikuwalaumu, maana swali kubwa hupata jibu la jumla. Nikaacha kuuliza habari za tabia, nikauliza vitendo. Mara ya mwisho alikugombeza kwa kosa gani? Alikuwa anashikaje sindano? Ukirudi umechelewa alikuwa anakaa wapi akikusubiri? Hapo wakafunguka. Kaka, ambaye simu zake hazizidi dakika mbili, aliongea karibu saa nzima kuhusu droo ya cherehani: namna mama alivyokata vifungo vya kila nguo iliyochakaa kabla hajaifanya tambara, akavitunga kwenye uzi kwa rangi na ukubwa, na namna ambavyo hakuna shati lililowahi kutoka nyumbani lina pengo.

Mazungumzo yote niliyarekodi kwa simu. Nilijifunza kwa hasara kuiweka kwanza katika hali ya ndegeni, kwa sababu simu moja iliyoingia ilikata maelezo ya mama mdogo katikati na hakuyarudia tena kwa namna ile. Pia niliacha kuilaza juu ya meza tupu, inabeba kila mgongano wa kikombe. Kitambaa kilichokunjwa chini yake kinatosha. Kubwa zaidi nilijifunza kunyamaza. Mtu akimaliza sentensi, nilihesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuuliza lingine. Mara nyingi alikuwa hajamaliza.

Kisha tukagombana. Dada, kifungua mimba, alimwelezea mama mkali, asiyecheka, anayekagua kucha na madaftari. Kitinda mimba akakasirika kabisa: mama gani huyo? Wake alikuwa anaimba, anamruhusu kulala na kitabu, anasamehe kabla hujaomba. Wajukuu ndio kabisa, kwao bibi hakuwahi kupaza sauti. Wiki mbili hawakusemeshana. Nikachora jedwali: mwaka, umri wa kila mtoto, na umri wa mama. Dada alipokuwa na miaka kumi, yaani 1979, mama alikuwa na miaka 31, ana wawili wadogo nyuma yake na mimba tumboni. Kitinda mimba alipofika miaka kumi, 1998, mama alikuwa na miaka 50 na wakubwa wote tumeshaondoka nyumbani. Nikawatumia. Dada aliandika maneno machache tu: "Miaka 31. Alikuwa mtoto." Tangu hapo sikujaribu kumtafuta mama mmoja anayefanana kwa wote. Kila kumbukumbu niliiandikia umri wake pembeni, na ningemshauri yeyote anayeandika habari za mzazi afanye hivyo kabla hajaamua nani anadanganya.

Wajukuu wadogo niliwawahi mapema. Watu wazima wengi hawabaki na kumbukumbu ya mambo yaliyotokea kabla hawajafika miaka mitatu hivi, na mtoto ukimwuliza kwa kumwekea jibu mdomoni, hulipokea likawa lake. Kwa hiyo mdogo kabisa, mwenye miaka minne, sikumhoji. Nilimpa karatasi, nikamwambia anichoree bibi. Alichora miwani mikubwa na funguo nyingi. Basi.

Picha zilikuwa kwenye albamu ya kurasa za gundi, zile zenye karatasi ya nailoni ya kufunika. Gundi ile hugeuka manjano na kuzing'ang'ania picha. Ukivuta kwa kucha unachana. Nilitumia uzi wa kusafishia meno, nikaupitisha nyuma ya picha kuanzia pembeni, taratibu kama msumeno. Iliyokataa niliiacha palepale nikapiga picha ukurasa mzima. Nyuma ya kila moja niliandika kwa penseli laini, ukingoni, maana kalamu ya wino huacha alama upande wa pili. Zile ndogo nilizipitisha kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi ili nyuso zisipotee zikikuzwa. Nakala niliweka tatu, moja kwa kaka, mbali na kwangu. Na tukitumiana kwa WhatsApp tulizituma kama faili, kwa kuwa ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na kupungua ubora.

Siku ya tatu ya kazi hiyo, uzi ulipita nyuma ya picha moja na picha nyingine ikadondoka. Ilikuwa imefichwa nyuma ya ile ya juu. Mama ameketi, kijana kabisa, dada amesimama akishika goti lake, na mapajani mwa mama kuna mtoto mchanga. Nyuma pameandikwa kwa mwandiko wake: 1971.

Kaka amezaliwa 1973.

Nikamwonyesha dada. Aliitazama muda mrefu, akasema hamjui huyo mtoto. Angemjuaje, naye alikuwa na miaka miwili? Baba hakuwapo tena wa kumwuliza. Nikaipeleka kwa mama mdogo, sikuuliza kitu, nikamwekea mkononi.

Nilihesabu hadi kumi. Nikahesabu tena. Ndipo akasema, "Huyo alilala hakuamka. Alikuwa na miezi saba. Mama yako hakupiga kelele, alimfunika tu upya, kama bado atasikia baridi." Akaifuta picha kwa upande wa kanga yake. "Tangu siku ile hajawahi kulala bila kuhesabu. Na huyu hakumruka hata mara moja."

Nilirudi nyumbani na sikuandika chochote kwa miezi miwili. Nilijiuliza kama nina haki. Mama aliificha picha ile kwa mikono yake mwenyewe, na mimi ni nani niitoe? Niliwapigia wote wanne mmoja mmoja. Kitinda mimba alilia, akasema utotoni alidhani mama anajihesabu na yeye mwenyewe. Kaka, aliyezaliwa baada ya mtoto yule, alinyamaza, kisha akauliza jina lake. Mama mdogo ndiye aliyenitoa njia panda. "Kuificha si kuichana," aliniambia. "Angetaka ipotee angeichoma. Andika, mwanangu. Nimeibeba peke yangu miaka hamsini."

Nikaandika. Kijitabu kina kurasa 64, tumechapisha nakala 20 tu, za familia. Ndani mna droo ya vifungo, jedwali la miaka, mchoro wa miwani na funguo, na maneno ya ujumbe wa sauti wa sekunde 14 alioachiwa kaka: "Umefika? Sijalala, nasubiri useme umefika." Kuna ukali wake pia, dada alisisitiza ubaki. Sentensi ya kwanza ya wasifu nimeibadilisha. Inasema mama alizaa watoto sita, na majina sita yanafuata.

Nakala ya kwanza nilimpa yule mtoto wa kaka yangu, sasa ana miaka kumi na ushee. Alisoma kwa sauti akiwa amesimama, akafika kwenye majina, akayafuata kwa kidole hadi la mwisho, akarudi juu akaanza tena.

"Shangazi," akasema, "basi alikuwa anahesabu sawasawa."